Usiipige Kwanza: Maswali Yenu Kuhusu Santuri na Kanda za Mtumba

Barua nyingi za safari hii zimetoka Tabora na Kigoma. Wasomaji wanaeleza kuwa santuri na kanda za zamani zinajitokeza kwenye mitumba, minadani na kwenye nyumba zinazohamwa. Ni mahali pazuri pa kuzitafuta: Tabora ndiyo iliyowatoa Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz, na Kigoma inatazamana na Kongo ng'ambo ya ziwa. Kabla ya majibu, tunaomba jambo moja. Santuri iliyovumilia kabati kwa miaka hamsini mara nyingi huumia jioni ile ya kwanza, mnunuzi anapofika nyumbani na hamu yake na kuipiga papo hapo, vumbi na yote. Itazame, isafishe, ndipo uipige.

Habari za kazi. Kuna mzee jirani yetu anauza rundo la santuri, zaidi ya hamsini. Yeye hana pleya, nami sina. Nitajuaje ipi nzima kabla sijalipa?
*Msomaji wa Isevya, Tabora*

Jicho, ukucha na mwanga vinatosha kwa sehemu kubwa. Mwombe mzee ruhusa ya kutoa kila santuri ndani ya jalada lake. Ishike ukingoni na kwenye lebo tu, usiguse mifereji yenye muziki, kisha iinamishe dirishani au chini ya tochi ya simu, mwanga uje kwa ubavu. Mwanga wa kutoka juu moja kwa moja huficha michubuko.

Mistari myembamba isiyokwaza ukucha kwa kawaida ni ya juu juu, na mingi haisikiki kabisa. Mstari unaokwaza ukucha utausikia. Ukiwa umekatiza mifereji, utatoa mlio mfupi kila mzunguko, yaani kila sekunde 1.8 kwa santuri ya mizunguko 33⅓ kwa dakika. Ukiwa umelala sambamba na mifereji ni hatari zaidi: sindano huuacha mfereji wake ikafuata mkwaruzo, na hapo ndipo mwimbaji anaporudia neno lile lile hadi uinue mkono.

Kuna pia uchakavu usio na mkwaruzo, na huu ndio unaowapata wanunuzi wengi. Santuri nzima ni nyeusi inayong'aa. Ile iliyopigwa miaka mingi kwa sindano butu, au kwa mkono mzito wa pleya za zamani, huwa na rangi ya kijivu kama imepakwa majivu. Kuta za mfereji zimekwanguliwa, na hakuna sabuni itakayozirudisha. Usichanganye na vumbi. Futa sehemu ndogo kwa kitambaa laini kikavu: weusi ukirudi ni vumbi, kijivu kikibaki ni uchakavu. Tazama vilevile lebo kuzunguka tundu. Vijistari vingi vilivyochorwa na kile kijiti cha katikati cha pleya vinaonyesha kuwa santuri hiyo imewekwa na kutolewa mara nyingi sana.

Kisha ilete usawa wa jicho uitazame kwa ukingo. Iliyopinda kidogo ukingoni, kama wimbi la polepole, mara nyingi hupigika. Iliyokunjamana ghafla sehemu moja, dalili kwamba iliachwa juani, itarusha sindano kila ikifika hapo. Usijaribu kuinyosha kwa kuianika. Plastiki yake hulainika kwenye nyuzi sitini na kitu za Selsiasi, na mifereji hufutika kabla santuri haijanyooka.

Vipimo navyo vinasaidia. Santuri ndogo ya sentimita 17.5 kwa kawaida ni ya mizunguko 45, wimbo mmoja kila upande. Kubwa ya sentimita 30 kwa kawaida ni ya 33⅓. Ya sentimita 25 iliyo nzito na ngumu huenda ni ya 78, na hiyo ina mambo yake, soma jibu linalofuata. Usikubali jalada likusomee yaliyomo. Katika nyumba zenye watoto, majalada na santuri huwa vimebadilishana siku nyingi. Soma lebo, na ulinganishe namba yake na ile iliyochongwa kwenye eneo laini kati ya wimbo wa mwisho na lebo. Wala usishangae kuona bendi ya Tanzania na lebo ya Kenya. Santuri nyingi za bendi zetu zilichapwa Nairobi, na lebo kama Mzuri ilikuwa ya wafanyabiashara wa Mombasa.

Kuhusu bei, gawanya rundo mafungu matatu mbele ya mzee: nzima, za wastani, na zilizokwisha. Mpatane kila fungu peke yake. Na ukiona kwenye fungu kuna santuri ya bendi ya hapo hapo Tabora iliyo nzima, mwambie. Ni halali yake kujua anachokuuzia.

Nilipata santuri nne nzito, nyeusi, zinavunjika kama kigae. Nilizifuta kwa spiriti zikapoteza mng'ao na sasa zinakwaruza mno. Nimekosea wapi?
*Msomaji wa Ujiji*

Pole sana, ndugu yetu. Kosa ni spiriti. Hizo ni santuri za 78, zilizotengenezwa kwa utomvu wa wadudu uitwao sheli uliochanganywa na unga wa mawe. Utomvu huo huyeyuka kwenye pombe ya aina yoyote. Ulipofuta, uliyeyusha uso wa mifereji yenyewe, na hilo halirekebishiki. Kama kuna upande hukuufuta, uache hivyo, na ukitaka kuusafisha tumia kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji safi, ukaushe palepale. Usiziloweke, maana maji yakiingia kwenye nyufa ndogo huzipanua.

Zilizobaki zipige kwa kifaa chake. Mfereji wa 78 ni mpana mara kadhaa kuliko wa santuri za plastiki. Sindano ya kawaida ina ncha ya mikroni 18 hivi, na ya 78 ni kama mikroni 75. Sindano nyembamba huzama hadi sakafuni mwa mfereji, ikaokota mchanga wote uliotulia humo, na ndiyo maana watu husema santuri za 78 zina kelele kuliko zilivyo kweli. Ukiwa na gramafoni ya kukoroga kwa mkono, sindano yake ya chuma ni ya upande mmoja tu, kisha unaitupa. Hata ikionekana bado nzuri, imeshachongeka bapa, na kingo zake hukata mfereji.

Soma lebo kwa makini. Kama imeandikwa Ngoma na Léopoldville (Kinshasa ya leo), umeshika kazi ya kampuni iliyoanza kurekodi muziki wa Kongo mwaka 1948. Zihifadhi zikiwa zimesimama wima, na usiweke kitu juu yake.

Vumbi la Tabora mnalijua. Santuri zangu za plastiki zimejaa. Nioshe kwa nini?
*Msomaji wa Gongoni, Tabora*

Kwa maji yasiyo na chumvi. Maji ya kisima au ya bomba yakikauka huacha chokaa ndani ya mfereji, na chokaa husikika kama mchanga. Nunua maji ya betri kwenye kituo cha mafuta au duka la vipuri, lakini soma chupa: uchukue maji, si asidi, maana huuzwa rafu moja. Katika lita moja tia matone matatu au manne ya sabuni ya maji ya vyombo isiyo na losheni. Ukizidisha, sabuni yenyewe itabaki mferejini.

Anza kwa kupangusa vumbi kavu kwa brashi laini. Ukilowesha kabla ya kupangusa unatengeneza tope na kulisukuma chini. Kinga lebo kwa kifuniko cha plastiki cha kopo chenye upana wa lebo, ukikishikilia kwa kidole gumba. Paka maji kwa brashi laini ya rangi, zungusha kufuata mifereji, usikatize. Acha dakika moja, suuza kwa maji ya betri matupu, kausha kwa kitambaa cha aina ya kufutia miwani, kisha isimamishe kivulini nusu saa. Irudishe kwenye bahasha mpya ya karatasi. Ile ya zamani ina vumbi lile lile ulilolitoa.

Nimenunua kanda ishirini hapa Mwanga. Nyingine zina unga mweupe ndani, nyingine zinalia kama mlango. Nitumie zipi?
*Msomaji wa Mwanga, Kigoma*

Huo unga mweupe ni ukungu. Unyevu wa pwani ya ziwa na miezi mirefu ya mvua huuotesha kwenye kingo za utepe. Kanda yenye ukungu usiitie kwenye redio yako nzuri hata kwa dakika moja, kwa sababu hedi, kile kichwa cha redio kinachosoma utepe, huuchukua na kuupeleka kwenye kanda itakayofuata. Zitenge leo hii. Ziweke kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na vile vifuko vya vijipunje vinavyokuja ndani ya viatu na mikoba mipya, siku saba hadi kumi. Usizianike juani, utepe utapinda. Zikikauka, toka nje, jifunge barakoa, fungua kanda na upanguse kingo za utepe kwa brashi laini. Kisha izungushe mbele na nyuma mara mbili kwa redio ya zamani usiyoijali, ndipo uipige, na ufute hedi kila upande ukiisha.

Zinazolia kwa kawaida zina shida ya msuguano. Tazama kwenye kidirisha cha kanda: utepe uliojipanga vizuri huwa bapa kama meza, na uliojipanga vibaya huwa na vidaraja vinavyokwaruza kasha. Ingiza penseli uzungushe. Ukihisi unakwama, peleka kanda mbele hadi mwisho na uirudishe yote kabla ya kuipiga, ili ijipange upya. Ikiendelea kulia, uhamishe utepe kwenye kasha jingine. Chukua kanda tupu iliyofungwa kwa skrubu tano, si ile iliyogandishwa, uifungue ikiwa imelala mezani. Piga picha kwa simu kabla hujagusa chochote. Kuna gurudumu dogo kila kona ya mbele, karatasi mbili laini juu na chini ya utepe, na katikati kipande cha sufi juu ya chemchemi. Hicho cha sufi ndicho kinachoukandamiza utepe kwenye hedi. Kikidondoka, sauti hufifia na kupotea kwa vipindi, na mwenye kanda hudhani muziki umefutika. Ukiwa sokoni tazama kipo au hakipo, utanunua kwa bei ya chini kanda ambazo wengine wamezikataa bure.

Utepe ukikatika, usitumie selotepu ya kawaida. Hutoa ute kwenye joto, ukagandisha mzunguko mzima. Tumia selotepu maalumu ya kuungia kanda, uibandike upande wa nyuma usiogusa hedi, baada ya kukata ncha zote mbili pamoja kwa mshazari ili zikutane.

Kwa urefu, ya dakika 60 ndiyo imara zaidi, ya 90 inafaa. Ya 120 utepe wake ni mwembamba mno, hunasa na kunyooka, kwa hiyo inunue tu kama kilichomo hakipatikani kwingine.

Kanda zilizoandikwa kwa mkono, au zisizoandikwa kabisa, muuzaji ananipa kama nyongeza. Zina faida au nirekodie mahubiri?
*Mwalimu, Urambo*

Mwalimu, tafadhali usirekodi juu yake. Kanda iliyochapwa na kampuni ina ndugu zake wengi. Ile iliyoandikwa kwa kalamu ya wino huenda ndiyo pekee duniani: bendi iliyorekodiwa ukumbini, kipindi cha redio kilichonaswa sebuleni, ngoma ya harusi, hadithi ya bibi. Kwetu sisi hizo ndizo za kwanza kuchukuliwa kwenye fungu lolote.

Kabla hujaipiga, tazama mgongo wa kanda. Kuna vijiti viwili vya plastiki, kimoja kwa kila upande. Vivunje vyote viwili kwa bisibisi. Vikiwa vimevunjika redio hairuhusu kurekodi, hata mtoto akibonyeza kitufe chekundu. Kisha, mara ya kwanza unapoisikiliza, iwe unaihamisha kwenye kompyuta wakati huohuo, kwani huenda utepe usistahimili mara ya pili. Unganisha tundu la laini ya redio na kadi ya sauti ya yuesibii, na urekodi kwa programu ya bure kama Audacity, faili la WAV, kilohezi 44.1, biti 16. Usitumie tundu la maikrofoni la kompyuta mpakato. Mara nyingi ni la upande mmoja, na mkondo mkubwa wa redio hulizidi nguvu, sauti ikapasuka bila njia ya kuirekebisha baadaye. Kilele cha sauti kiache chini kidogo ya mwisho wa kipimo. Usisafishe chochote kwenye nakala hiyo ya kwanza. Andika kwenye jina la faili kile kilichoandikwa kwenye kanda, hata kama tahajia ina makosa, na kanda yenyewe uitunze.

Nimepata pleya ya santuri ya mtumba iliyotoka Japani. Sauti ni nyembamba kama ya simu, na nyimbo zinakwenda polepole. Fundi anataka kubadili injini.
*Msomaji wa Kachoma, Tabora*

Mwambie fundi asubiri. Umeme wa Japani ni volti 100 na wetu ni 230. Tazama kibati cha nyuma kwanza. Kama kimeandikwa 100V na umekuwa ukiichomeka bila kipunguza umeme, ichomoe sasa hivi. Kipunguza umeme hurekebisha volti tu. Baadhi ya injini hufuata mitetemo ya umeme, na pleya iliyotengenezwa kwa hezi 60 ikija kwenye hezi 50 zetu huzunguka polepole kwa karibu asilimia 17. Huo ni upungufu ambao sikio la mtu yeyote hulikamata. Pleya hizo zinahitaji puli ya ukubwa mwingine, injini haina kosa.

Kama kibati kinakubali hezi 50, mtuhumiwa ni mkanda wa mpira, ambao hulegea au kuyeyuka. Pima kwa uzi njia yote unayopita mkanda, kisha nunua mpya uliopungua kama asilimia 5 ya urefu huo. Kujaribu kasi hakuhitaji kifaa: bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani inayozunguka, weka santuri na sindano juu yake kwa sababu mzigo hubadili kasi, uhesabu. Mizunguko 100 kwa dakika 3 ndiyo 33⅓ sahihi.

Sauti nyembamba ni shida nyingine kabisa. Santuri huchongwa ikiwa besi imepunguzwa na sauti za juu zimeongezwa, vinginevyo mifereji isingetosha. Amplifaya yenye tundu lililoandikwa Phono hugeuza hesabu hiyo na kukuza mkondo mdogo wa sindano. Wewe huenda umechomeka Aux, tundu lisilofanya hivyo. Tafuta tundu la Phono, au kikuza sauti kidogo cha kuweka katikati.

Usinunue pleya bila kujua kama sindano yake bado inapatikana. Sindano ya almasi hudumu kati ya saa 500 na 1000, na hakuna muuzaji wa mtumba anayejua imeshatumika ngapi, kwa hiyo jihesabie sindano mpya ndani ya bei. Na kama mkono umebandikwa sarafu ili sindano isiruke, iondoe. Uzito unaofaa kwa sindano nyingi ni gramu 1.5 hadi 3, na sarafu hukwangua kila santuri unayoipenda.

CD za mtumba zina michubuko upande wa chini. Je, zinafaa?
*Msomaji wa Katubuka, Kigoma*

Upande wa chini ni plastiki nene ya zaidi ya milimita moja, na mikwaruzo midogo hapo hung'arishwa kwa dawa ya meno isiyo na punje, ukisugua kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe. Uchunguze zaidi upande wa lebo. Tabaka lenye muziki liko hapo juu, chini ya rangi tu. Inyanyue uitazame dhidi ya taa, na ukiona nukta za mwanga, muziki umetoboka. Zenye rangi ya bluu au kijani upande wa chini zimechomwa kwa kompyuta na hufa haraka zikipigwa na jua la kibandani. Lipia zile za rangi ya fedha.

Nina duka la kuweka nyimbo kwenye flashi. Nikihamisha santuri nilizonunua, naruhusiwa kuziuza?
*Msomaji wa Gungu, Kigoma*

Hapana. Ulichonunua ni santuri, haki ya kunakili na kuuza imebaki kwa mwenye kazi au warithi wake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999, na COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, ndiyo ya kuuliza kuhusu vibali. Wanamuziki wengi wa bendi hizi walipata kidogo sana. Tusiwanyang'anye na hicho.

Nahama Tabora kwenda Kigoma na santuri kama mia. Nizifungeje?
*Msomaji wa Cheyo, Tabora*

Zisimame wima, zikibanana kiasi cha kutoweza kulala, lakini si kiasi cha kushindwa kutoa moja kwa vidole viwili. Santuri mia za sentimita 30 pamoja na majalada hukaribia kilo 25, kwa hiyo tumia katoni mbili zenye upana wa ndani wa sentimita 32 na ufunge kwa kamba chini, si gundi tu. Kwenye basi usikubali zipandishwe juu wala ziwekwe karibu na injini. Kwenye treni ziwe sakafuni, upande usiopigwa na jua. Ukifika, usizifungue usiku huo. Ziache katoni zikiwa zimefungwa hadi asubuhi zizoee hewa ya ziwa, kisha uzipange mbali na ukuta wa nje.